Wastani na probabiliti: past pepa au kurusha sarafu?

Ukikaa na walimu wa hesabu au wazazi wenye watoto wa darasa la saba mpaka kidato cha pili huku Arusha na Moshi, huu ubishi lazima uusikie. Kuna wanaosema mtoto akifika kwenye wastani na probabiliti (hesabu ya uwezekano wa jambo kutokea) mrundikie past pepa, yaani mitihani ya miaka ya nyuma, asolvu mpaka mkono uzoee, maana atakayemsahihisha ni mtihani. Na kuna wengine, hasa tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 na habari zake za umahiri, yaani mtoto aweze kufanya na sio kukariri tu, wanataka mtoto atoke nje, arushe sarafu, aulize bei sokoni, ahesabu vifodi (daladala ndogo) vinavyopita. Mimi naona wote wana haki, ila kila mmoja kwenye mada yake. Wastani unataka mazoezi ya daftari kwanza, probabiliti inataka vitendo kwanza, na sisi tunazibeba zote mbili kwa mtindo mmoja.

Tuanze na wastani, maana hapo watu wa past pepa wanasemwa vibaya bila sababu. Mtoto anayesitasita kugawanya hata umpeleke soko la Kilombero akusanye bei za nyanya asubuhi nzima, atarudi na bei kibao na jibu hana. Halafu maswali yenyewe sio ya kijinga kama yanavyosemwa. Chukua hili: wastani wa namba tano ni 12, nne kati yake ni 9, 14, 10 na 11, tafuta ya tano. Aliyekariri fomula tu, jumlisha halafu gawanya kwa idadi, atajumlisha hizo nne apate 44 halafu akwame hapo hapo, ila aliyefanya mengi ya aina hii anajua namba tano zenye wastani wa 12 lazima jumla yake iwe 60, kwahiyo iliyobaki ni 16. Huyo ameelewa kitu kikubwa na hajatoka nje ya darasa.

Pengo lipo sehemu nyingine. Past pepa inakuambia tafuta wastani, haikuulizi kama huo wastani unasema ukweli. Tuseme boda watano wa kijiwe kimoja Moshi, wanne wameingiza 12,000, 13,000, 14,000 na 15,000 na wa tano kapata mtalii wa kwenda maporomoko ya Materuni akafunga siku na 96,000. Jumla 150,000, wastani 30,000. Sasa hapo wanne wote hakuna aliyevuka hata nusu ya huo wastani! Ukizipanga kwa ukubwa ukachukua ya katikati, yaani 14,000, ndio unaona hali ya kijiwe ilivyo. Mtoto akiona hivi mara moja tu, siku akisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema masika itakuwa na mvua za wastani hadi juu ya wastani, atauliza wastani wa miaka ipi, na akiambiwa kawaida ni wa miaka 30 ataelewa kwanini mwaka mmoja wa mafuriko hauwezi kuuyumbisha sana.

Kwenye probabiliti ndio natofautiana kabisa na watu wa past pepa. Muulize mtoto uwezekano wa sarafu kutoa kichwa, atajibu nusu hata kabla hujamaliza kuuliza. Muulize tena, imetoka kichwa mara nne mfululizo, ya tano je? Wengi wanakwambia sasa ni zamu ya upande wa pili, kumbe bado ni nusu ile ile, sarafu haikumbuki. Ile nusu ameikariri, hajaiamini, na past pepa hata mia hazitamtoa hapo kwasababu zote zinaanza na hiyo nusu kama kitu kilichokwisha kukubalika.

Wape sarafu za mia, upande wa Nyerere na upande wa swala, wakae wawili wawili, kila jozi irushe mara 20 na kuandika kila inapotua. Kwa watoto 40 unapata jozi 20. Kila mtu anategemea 10 kwa 10, ila kwa hesabu ni jozi tatu au nne hivi ndizo zitakazoipata kamili, na jozi kama tano zitakuwa na 13 kwa 7 au zaidi ya hapo. Watabishana, watasema sarafu mbovu, na hapo ndipo somo lilipo. Jumlisha sasa matokeo ya darasa zima, mirusho 400, mara nyingi sana Nyerere atatoka kati ya mara 180 na 220. Ukimaliza wape kizibo cha soda, kitue kifudifudi au chali, hamna anayejua jibu mpaka wakirushe wenyewe, na hiyo haipo kwenye past pepa yoyote.

Walimu wanajibu kwamba madarasa yamejaa na kipindi ni dakika 40. Muda nakubali, na kelele pia, darasa la jirani halitasoma. Ila kujaa kwa darasa hapa kunasaidia, watoto 80 wanakupa mirusho 800 na jibu linakaa karibu zaidi na nusu.

Wazazi wengine wanapinga kwa sababu nzito zaidi, kwamba sarafu na dadu zinafungua mlango wa kubeti. Ni kweli mada hii ilikua kutoka kwenye michezo ya pesa, Pascal na Fermat waliandikiana barua mwaka 1654 kuhusu kugawana pesa za mchezo uliokatishwa. Ila mkeka, yaani tiketi ya kubeti mechi kadhaa ambayo lazima zote uzipatie, mtoto atakutana nao tu, hesabu ajue asijue. Mkeka wa mechi kumi, kila moja ukiwa na uwezekano wa 0.6 wa kupatia, unazidisha 0.6 kwa yenyewe mara kumi na unabaki na kama 0.006, yaani kwenye mikeka 1,000 ya namna hiyo inapita kama sita tu. Naona hiyo hesabu afanye akiwa kidato cha pili, bila kutaja timu wala kampuni, kabla hajawa na simu yake mwenyewe.