Acheni kuhesabu nyumba, fuatilieni ardhi

Agosti 2025 Israeli ilipoidhinisha nyumba zipatazo 3,400 za walowezi, yaani Waisraeli wanaohamia Ukingo wa Magharibi, katika eneo la E1, mashariki ya Jerusalem, kila taarifa ya habari ilishikilia idadi hiyo. Imeniudhi sana. Waziri Bezalel Smotrich alisema waziwazi kwamba mpango huo unalizika wazo la taifa la Palestina, na wakati huo halikuwa limewekwa hata tofali moja. E1 ni kama kilomita za mraba 12 tu, ila ni miongoni mwa sehemu za mwisho zilizobaki za kuiunganisha Ramallah, Jerusalem Mashariki na Bethlehem.

Kazi ya kujenga makazi ya walowezi huanzia kwenye ramani. Mwaka 1979, katika kesi ya Elon Moreh, Mahakama Kuu ya Israeli ililizuia jeshi kutwaa ardhi ya watu binafsi kwa hoja ya usalama ili walowezi wajenge. Serikali ikageukia Sheria ya Ardhi ya Waosmani ya mwaka 1858. Kwa tafsiri ya Israeli, shamba lisilosajiliwa ni lako kama umelilima miaka 10 mfululizo, na angalau nusu ya kipande chenyewe iwe imelimwa. Sasa tazama vilima vya Ukingo wa Magharibi: mizeituni imejipenyeza katikati ya mawe, mti hapa, mwamba pale. Picha ya kutoka angani ikipimwa, mwamba unahesabiwa kuwa ardhi isiyolimwa, na kipande kinatangazwa kuwa mali ya serikali. Mkulima ana siku 45 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kijeshi. Mzigo wa ushahidi ni wake: amlipe mpimaji, atafute picha za zamani, stakabadhi za kodi, mashahidi. Hati hana, kwa sababu jeshi lilisimamisha usajili wa ardhi mwaka 1968, wakati takriban theluthi moja tu ilikuwa imekamilika.

Baada ya hapo ardhi inagawiwa. Takwimu za Utawala wa Kiraia wa jeshi lenyewe, zilizotolewa mwaka 2018, zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 99 ya ardhi ya serikali iliyogawiwa ilikwenda kwa makazi ya walowezi. Wapalestina hawakufikia hata asilimia moja. Na mwaka 2024 kilomita za mraba 12.7 katika Bonde la Yordani zilitangazwa kuwa ardhi ya serikali kwa mkupuo mmoja.

Ndiyo maana Israeli iliposimamisha ujenzi wa makazi kwa miezi 10, kuanzia Novemba 2009, usitishaji huo haukuzaa kitu. Ulihesabu nyumba. Zilizokwishaanza ziliendelea kujengwa, Jerusalem Mashariki haikuguswa, na muda ulipokwisha Septemba 2010 mazungumzo ya amani na Wapalestina yakavunjika.

Kuhusu sheria ya kimataifa sina la kuongeza: Azimio 2334 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2016 na maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Julai 2024 yanasema wazi kwamba makazi hayo ni haramu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Mwisraeli mwenye hofu ana sababu. Mwaka 2005 walowezi wapatao 8,000 waliondolewa Gaza, Hamas ikaitwaa mwaka 2007, kisha likaja shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023. Lakini hofu hiyo inaeleza kwa nini jeshi liko kilimani. Haielezi kwa nini shamba la mizeituni apewe raia mwenye watoto, ambaye naye lazima alindwe na askari walewale. Mwaka 1993 walowezi walikuwa kama 110,000 bila kuhesabu Jerusalem Mashariki. Leo wamepita 500,000.

Mei 2025 baraza la mawaziri la usalama liliamua usajili wa ardhi uanze upya katika Eneo C, sehemu iliyo chini ya udhibiti kamili wa Israeli na ambayo ni kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, safari hii chini ya Israeli. Atakayeshindwa kuthibitisha umiliki wake, ardhi itaandikwa ya serikali, na kuifuta hati hiyo baadaye ni kazi ngumu mno. Mpatanishi yeyote anayeitaka amani kweli adai kwanza usajili huo usimame, pamoja na matangazo mapya ya ardhi ya serikali, kabla ya kuuliza zimejengwa nyumba ngapi.