Kabla ya Kugombania Mwezi, Tutoke Tuutazame

Kila inapofika jioni ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani, simu huanza kulia mfululizo kabla hata adhana ya Magharibi haijamalizika. Mmoja anauliza kama mwezi umeandama, wa pili anatuma tangazo la Saudi Arabia, wa tatu anakumbusha kwamba kila nchi ina mwezi wake, na inapofika Isha kundi zima la ukoo limeshagawanyika kati ya wanaofunga kesho na wanaofunga kesho kutwa. Nimeshiriki mjadala huo kwa miaka mingi, mara nyingine kwa ukali ambao sijivunii. Mwaka mmoja niliuliza kundini: katika sisi tunaobishana, nani ametoka nje kuutazama mwezi wenyewe? Hakujibu mtu. Mimi mwenyewe niliuliza nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi, feni inanipepea.

Sina elimu ya kuamua kati ya masheikh wanaoshika muandamo wa kila nchi, wanaoshika muandamo mmoja kwa ulimwengu wote, na wanaoridhika na hesabu za falaki, yaani za mwendo wa jua na mwezi. Langu ni dogo zaidi. Naona ugomvi huu umekuwa mkali kwa sababu macho yaliyoko angani yamepungua. Mtu aliyewahi kuutafuta mwezi mchanga kwa macho yake akaukosa huwa mwepesi wa kumsamehe mwenzake aliyeuona, au aliyedhani ameuona.

Nilikulia Tanga, na bibi yangu ndiye aliyenifundisha pa kutazama. Watoto tulikuwa na kosa moja la kila mwaka, nalo ni kukimbilia ufukweni, kana kwamba mwezi hutoka baharini. Mwezi mpevu ndio hutoka baharini. Mwezi mchanga uko magharibi, lilikozama jua, na kwetu sisi wa bara hiyo ina maana ya kuipa bahari mgongo na kutazama juu ya mapaa na minazi. (Wenzetu wa Mji Mkongwe, Unguja, wamejaliwa: jua lao huzama majini mbele ya macho yao.) Bibi alikuwa akinishika kidevu na kukiteremsha. "Unatafuta nini huko juu, mjukuu wangu? Huyo bado mchanga, hajajua kupanda." Kisha alinionyesha kitu ambacho sikukiona katika picha yoyote ya shuleni. Kwenye bendera nyingi mwezi huchorwa umesimama wima. Kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala chali kama dau lililo tupu, ncha zote mbili zikielekea juu. Kipande chenye nuru daima huelekea upande lilipo jua, na huku jua huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo nuru hubaki chini, tumboni mwa dau. Kwa sababu hiyohiyo mwezi wetu mchanga huwa juu zaidi ya upeo wa macho kuliko unavyokuwa mara nyingi katika nchi za kaskazini, na kwa hiyo huonekana kwa wepesi zaidi. Tuna anga nzuri ya kuandamia mwezi, nasi tunasubiri kuambiwa.

Ugumu wa kuuona unapimika. Kutoka muandamo hadi muandamo ni wastani wa siku 29.53, na ile nusu siku inayoning'inia ndiyo inayofanya mwezi mmoja uwe wa siku 29 na mwingine wa 30. Baada ya kulipita jua, ndiko kuzaliwa kwake, mwezi hujitenga nalo kwa takriban nusu digrii kila saa. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa umejitenga na jua chini ya digrii 7 hivi hauonekani kwa jicho, hata hewa ikiwa safi namna gani, na kujitenga kiasi hicho kwa kawaida huchukua saa 14 hivi. Mwaka 1990 Mmarekani Stephen O'Meara aliuona bila darubini ukiwa na umri wa saa 15 na dakika 32, na wapenzi wa mambo haya bado wanalitaja tukio hilo kama wengine wanavyotaja bao la fainali. Kamera zimekwenda mbali zaidi: tarehe 8 Julai 2013, Ramadhani ikiwa mlangoni, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi katika dakika ileile ya kuzaliwa kwake, mchana kweupe. Hakuna jicho la mwanadamu ambalo lingeuona.

Kwa hiyo anayesema hesabu za falaki ni mambo ya wageni yaliyokuja kuliondoa jicho amesahau hesabu zenyewe zilitoka wapi. Zilitoka kwenye macho. Wababeli waliandika kwenye vigae vya udongo, kwa zaidi ya miaka 500, muda uliopita kati ya kuzama kwa jua na kuzama kwa mwezi mchanga, mwezi baada ya mwezi, pamoja na mawingu yaliyowazuia. Kutokana na subira hiyo walipata wastani wa urefu wa mwezi ambao haukosei hata kwa sekunde moja. Uturuki leo inatumia vipimo vilivyokubaliwa Istanbul mwaka 1978, kwamba mwezi uwe umejitenga na jua kwa digrii 8 na uwe umeinuka digrii 5 juu ya upeo. Hivyo navyo ni maelezo ya kile ambacho jicho linakiweza.

Waswahili nao waliitegemea anga kuliko tunavyokumbuka. Bado tunaita Shawwal Mfunguo Mosi na kuhesabu hadi Mfunguo Tisa, tukianzia pale saumu inapofunguliwa. Lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, na mkulima akiufuata atapanda mtama kiangazi. Ndipo ikawapo Nairuzi, mwaka wa siku 365 ambao watu wa Makunduchi, Unguja, wanauadhimisha hadi leo kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, na ndipo kikawapo Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake limetoka kwenye kulima. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: sijui methali nyingine ya Kiswahili inayomdai mtu atoke nje kwa majuma kadhaa ili aihakikishe. Nuru ya Kilimia tunayoiona usiku huu iliondoka huko miaka 440 hivi iliyopita, Wareno wakiwa hawajaanza kuijenga Fort Jesus. Mabaharia walikuwa na Jaha, nyota ya kaskazini, ambayo kutoka Tanga haionekani kabisa kwa kuwa iko chini ya upeo. Nahodha aliyekwenda Maskati kwa kusi aliikuta baada ya kuvuka ikweta, ikipanda kadiri alivyosonga mbele, na kwa urefu wake juu ya maji alijua amefika wapi.

Ijumaa ya tarehe 28 Februari 2025 nilitoka mapema, nikiwa na mpwa wangu wa miaka tisa, tukapanda juu ya nyumba ya jirani iliyoishia kwenye zege. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: mwezi ulikuwa umezaliwa usiku wa manane uliopita, na jua letu lingezama ukiwa na umri wa saa 15 tu, chini ya rekodi ya O'Meara. Sikumwambia kijana. Alikazana kutazama mpaka machozi yakamtoka, akashangilia mara moja, kumbe ni sayari ya Zuhura. Simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfukoni bila kukoma. Tulishuka mbu walipozidi, na usiku ule nusu ya ukoo wakala daku, nusu wakalala.

Jumamosi tulipanda tena. Haukuhitaji kutafutwa: dau jembamba limelala chali, Zuhura ikiwaka upande wake wa kulia, na sehemu ya mwezi isiyo na nuru ikionekana kwa mbali kama sahani ya kijivu. Mpwa wangu alikunja ngumi na kuinyoosha mbele ya uso wake kama nilivyomfundisha, ngumi moja kwa digrii 10, akahesabu kutoka kwenye mapaa hadi kwenye dau. Akaomba daftari.