LDH kuwa juu si hukumu kwa mtoto

Kuna makala imesema kipimo cha damu cha LDH "kinatabiri" kama mtoto mwenye limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) atapona. Mzazi akilisoma neno hilo, usingizi unamruka, kwa hiyo naomba niongeze machache.

LDH ni kimeng'enya kilichomo ndani ya karibu seli zote za mwili. Seli zikifa kwa wingi, kimeng'enya hicho humwagika kwenye damu. Limfoma ya Burkitt, aina mojawapo ya limfoma, hukua kwa kasi mno, hivyo LDH ikipanda inaonyesha hasa wingi wa ugonjwa, na daktari huitumia kupanga ukali wa tiba. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2020 uliwahusisha watoto wenye Burkitt na limfoma za jamii yake, wa kundi la hatari kubwa, wakiwemo wenye LDH zaidi ya mara mbili ya kikomo cha kawaida. Walioongezewa rituksimabu, dawa ya kingamwili inayolenga seli za limfoma, juu ya kemotherapi, karibu asilimia 94 walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi. Waliopata kemotherapi peke yake ni asilimia 82. Huo utabiri wa kutisha uko wapi hapo?

Halafu sampuli yenyewe. Nafanya kazi maabara: chembe nyekundu zikipasuka ndani ya chupa, pengine kwa kuvuta damu kwa nguvu, LDH hupanda bila uvimbe kuhusika. Plazma (majimaji ya damu yanayobaki chembe zikitengwa) ikiwa nyekundu badala ya manjano, kipimo kirudiwe.

Wazazi, siku za mwanzo za dawa ulizieni pia potasiamu na asidi ya yuriki. Seli za saratani zikifa kwa mkupuo, vitu hivyo viwili huongezeka kwenye damu, navyo vinaweza kuumiza moyo na figo haraka.