Siku ya 41 ya Kulinda Tangi Tupu

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa mahali ambapo bahari huonekana ukitoka tu barazani, na bado kila mwezi hununua chumvi ya mifuko ili nitengeneze bahari nyingine, ya lita 300, sebuleni. Mke wangu amekwisha kunisema kwa hilo hadi amechoka. Leo, hata hivyo, kinachoniuma ni kwamba tangi hilo lina siku 41 bila samaki hata mmoja, huku taa zake zikiwaka, pampu zikinguruma na umeme nikiulipia mimi, na wageni wakiliona hunitazama kana kwamba nimewaita karamu nikawawekea sahani tupu.

Chanzo ni samaki aitwaye kangaja. Alikuwa wa buluu, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano, na kila anayefuga samaki wa maji chumvi anajua kuwa huyu hushikwa na ugonjwa wa madoa meupe kama mtoto wa chekechea anavyoshikwa na mafua, ndiyo maana mgeni hutengwa kwanza kwa wiki kadhaa. Mimi pia nilijua. Nilimtia tangini moja kwa moja kwa sababu ilikuwa Ijumaa na shemeji zangu walikuwa njiani.

Baada ya siku chache alianza kujisugua kwenye mawe kama mbuzi mwenye upele. Alfajiri nilichukua tochi, nikapiga magoti mbele ya kioo nikahesabu madoa 14, kila moja kama punje ya chumvi. Ukubwa huo ni muhimu, kwani lau lingekuwa vumbi laini la rangi ya dhahabu, lingekuwa lile gonjwa jingine linaloweza kumaliza tangi zima kwa siku chache, na nisingepata hata wasaa wa kuhesabu. Njia ya uhakika ni kukwangua ute wa ngozi na kuutazama kwa hadubini. Hadubini sina. Nilicho nacho ni jirani, ambaye alichungulia mara moja akaamuru mwarobaini, na muuzaji aliyeniambia kwa simu kwamba ni uchovu wa safari tu.

Siku ya nne madoa yakatoweka, nasi tukapika pilau. Kumbe vimelea vinavyoleta madoa hayo havikufa, bali vilikuwa vimeshiba. Hukaa kwenye ngozi siku 3 hadi 7, hudondoka, hujifungia katika vifuko juu ya mawe na mchanga, na kifuko kimoja huweza kutoa watoto wapatao mia mbili, ambao hutoka kusaka samaki wa kumpanda. Wiki iliyofuata sikuhesabu tena madoa. Nilihesabu mahali pasipo na doa.

Dawa ni shaba, lakini shaba huua kamba, konokono na matumbawe, tena mawe na mchanga huinyonya, kwa hiyo samaki wote wanne walihamishiwa tangi la plastiki lenye vipande vya mabomba ya maji tu ndani yake, katika chumba cha wageni, ambamo mama mkwe alikuwa amekuja kwa wiki mbili. Shaba inatakiwa iwe kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita: ikipungua, kimelea hakijali, ikizidi, mgonjwa hujifia. Naipima asubuhi na jioni, pamoja na amonia, ile sumu ya uchafu wao wenyewe, kisha nabeba ndoo za kubadilisha maji. Mimi nilipougua malaria nilipimwa kwa kidole, nikameza dawa ya mseto siku tatu, nikarudi kazini, na hakuna aliyenibadilishia maji.

Tangi kubwa nalo lazima likae bila samaki siku 76, kwa kuwa vifuko vingine vimewahi kupasuka baada ya siku 72, na watoto wake wasipopata samaki hufa ndani ya siku mbili hivi. Mke wangu aliuliza: "Baba Salma, mzazi hukaa arobaini, samaki ana nini cha kumzidi?"

Jana arobaini ilitimia. Jioni hii nimerudi kazini nikamkuta kangaja anazunguka katika tangi kubwa, mnene, msafi, mwenye raha zake. Mama mkwe ndiye aliyemhamisha, kwa bakuli, kwa sababu mgonjwa aliyepona halazwi hospitali. Nimemfukuza kwa wavu kwa saa nzima, nimetoa mawe yote, naye amenichana kidole kwa ule wembe wake wa mkiani kabla ya kukubali kukamatika.

Nimefuta 41 kwenye kalenda, nikaandika 1.

"Zimebaki siku ngapi, mwanangu?" mama mkwe ameuliza.

"Sabini na sita, mama."

"Basi siondoki mpaka wapone. Nani atawaangalia?"