Mapunye ya mtoto hayaponi kwa krimu

Jumamosi nilikuwa duka la dawa nyuma ya mama mmoja na mwanawe wa kama miaka minne. Kofia ilipovuliwa, kichwa kilikuwa na mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatikia kwenye ngozi na kuacha vidoti vyeusi. Muuzaji akatoa tyubu. "Mpake asubuhi na jioni, mama, na uwe unamwogesha." Mama akajibu taratibu, "Hiyo hiyo nimempaka tangu Ramadhani, dada."

Iliniuma sana. Ametoa hela yake bure, na bado akaambiwa mchafu mbele za watu.

Jamani, fangasi wa mapunye hawakai juu ya ngozi tu. Wanaingia ndani ya unywele wenyewe, na krimu haifiki huko. Ndiyo maana baka linafifia, unamshukuru Mungu, kisha yanaota mengine mawili. Dawa yake ni ya kumeza. Griseofulvin ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950! Hupimwa kwa uzito wa mtoto, humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri, kila siku kwa wiki 6 hadi 8. Terbinafine ya kumeza nayo ipo. Shampuu ya ketoconazole inapunguza kuambukiza wengine, lakini peke yake haiponyi. Kwa hiyo mtoto apelekwe kituo cha afya, apimwe uzito, aandikiwe.

Sawa, dozi ya wiki 6 ni gharama. Lakini jumlisha tyubu zote ulizokwisha kununua.

Na usafi? Una nafasi yake: mtoto awe na kitana chake, kinyozi asafishe mashine kabla ya kumgusa. Ila watoto wanaoogeshwa kila siku wanapata mapunye vilevile.

Petroli na maji ya betri naomba tuache kabisa, vinaunguza ngozi. Na kichwa kikivimba, kikawa laini na kutoa usaha, usikimbilie kukitumbua ukidhani ni jipu. Mara nyingi ni mapunye yaliyochachamaa, na yakicheleweshewa tiba yanaweza kuacha kovu ambalo nywele hazioti tena maisha yote. Huyo ni wa kupelekwa hospitali leo.

Walimu, mtoto aliyeanza dawa arudi darasani. Na wadogo zake wanaolala naye kitanda kimoja wakaguliwe vichwa, maana asipotibiwa mmoja wao, wote wataambukizwa upya.