Mtihani Mmoja, Jamvi Zima la Karafuu

Usiku ule, dahalia nzima imelala, nilikuwa nasoma mstari mmoja wa Takwimu kwa mara ya saba. Macho yanapita, kichwani hakuingii kitu. Kilichojaa humo ni sauti ya mama aliyonipigia Ijumaa kutoka Wete, Pemba: “Soma mwanangu, usije ukatutia aibu.” Karafuu za msimu ule zilianikwa jamvini, zikauzwa, pesa zikavuka bahari kuja Unguja kuwa ada yangu. Nikifungua daftari naliona lile jamvi.

Nikapata sapu: mtihani wa kurudia.

Kila nikisikia watu wazima wakisema vijana wa chuo siku hizi hawana uvumilivu, naumia. Wanasaikolojia wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walieleza mwaka 1984 kwamba msongo unategemea vile mtu anavyolipima jambo: je, hili linanitishia nini, na nina uwezo gani wa kulikabili? Ndiyo maana wawili wakikaa dawati moja na karatasi moja, huyu anaona maswali matano, yule anaona heshima ya ukoo mzima. Na huyo wa pili hupata saa mbili tu za usingizi kwa usiku, ilhali usingizi ndio wakati ubongo unapoyatia mahali pake yaliyosomwa mchana.

Halafu kuna kujiamini, na hapa kwetu lugha imeingia ndani yake. Mwenzangu mmoja alikuwa akitukalisha chini ya mwembe, anatueleza mada nzima kwa Kiswahili mpaka tunaielewa kuliko tulivyoielewa darasani. Akiulizwa jambo lile lile kwa Kiingereza mbele ya watu, anainamisha kichwa. Taratibu akaamini kwamba yeye ni mzito wa akili. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika tangu mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake ndiyo inayoamua ajitahidi kiasi gani na avumilie mpaka wapi. Yule mwenzetu akaanza kuchelewesha kazi, akakosa vipindi, akaitwa mvivu. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa anaogopa.

Na hofu hiyo aiseme kwa nani? Ukisema kichwa kimechoka, utaambiwa bado kidogo upelekwe Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, watu wacheke. Au utaambiwa umeingiwa na husda. Dua ni silaha yetu, nami niliomba kila alfajiri, lakini dua haijamkataza mtu kumwendea mwenziwe akamwambia nimeelemewa. Kwa hili vyuo vyetu navidai: mlango wa mshauri nasaha uwe mahali mwanafunzi anapoweza kuingia bila darasa zima kumwona. Wazazi nao, kabla ya kuuliza mtoto kapata ngapi, wamuulize somo gani linamsumbua.

Mimi sapu yangu niliificha miezi miwili. Nilipokwenda Pemba likizo nilimkuta mama barazani, sinia mapajani, anachambua karafuu. Nikamwambia huku natazama chini. Alinyamaza, vidole vikaendelea kutoa makonyo, kisha akauliza:

“Sasa huo unarudiwa lini?”

Nikamtajia tarehe. Akanisogezea sinia tuchambue pamoja, na usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.