Kugeuza darasa: watu wanagombana na video, mambo yenyewe yako kwenye kipindi

Ikitajwa tu habari ya kugeuza darasa, malalamiko ni yaleyale. Mwalimu analipwa afundishe, sasa anamtupia mtoto video akaangalie nyumbani, afu mtoto akija darasani mwalimu kazi yake kuzungukazunguka tu kama msimamizi wa mtihani. Nimeyasikia kwa wazazi, nimeyasikia kwa walimu wenzangu, na kuna mwanafunzi alinichana kabisa usoni, "mwalimu, mi nataka ufundishe." Na hapo nilikuwa nimemaliza dakika 40 napita dawati moja baada ya lingine, sauti imekauka, mgongo unauma kwa kuinama.

Kwa ambaye hajakutana nalo, ni hivi: maelezo ya somo mwanafunzi anayapata kabla, kwa video fupi au kurasa za kitabu, na yale maswali ambayo zamani yalikuwa kazi ya nyumbani anayafanya darasani mwalimu akiwepo. Basi.

Watu wanadhani ni kitu cha intaneti, na hapo ndo wanapoanza kupotea. Ni kweli waliolifanya lijulikane ni Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, ambao mwaka 2007 walianza kurekodi vipindi kwa sababu wanafunzi walikuwa wanakosa darasa kila wakienda kwenye michezo. Lakini Eric Mazur pale Harvard tangu 1991 alikuwa anawaambia wanafunzi wake wa fizikia wasome kabla ya kuja, wakifika anawapa swali, kila mmoja anachagua jibu, afu wanabishana na jirani zao. Na ukirudi nyuma zaidi, Sylvanus Thayer aliyeongoza chuo cha jeshi cha West Point kuanzia 1817 alitaka kadeti aje darasani ameshasoma, kipindi chenyewe ni cha kusimama ubaoni na kuonyesha unachojua. 1817! Hakukuwa hata na umeme. Kwa hiyo anayesema "hii ni video tu" anagombana na chombo cha kubebea, mzigo hajaufungua.

Mzigo wenyewe ni huu. Kijana mmoja wa nyuma, mkimya, daftari lake safi kuliko la mtu yeyote darasani, kila swali amelipigia mstari kwa rula. Tulikuwa kwenye kufungua mabano. Nafika kwake nakuta maswali manne yote kayamaliza na yote yana kosa moja, penye (a + b)² kaandika a² + b², mwandiko umetulia kabisa, hana hata wasiwasi. Nikamwambia weka 2 kwenye a na 3 kwenye b, upige pande zote mbili. Upande mmoja akapata 25, wa pili 13. Akaziangalia zile namba, akaniangalia, akasema "lakini haiwezekani," akarudia tena, 25 na 13. Nikamchorea mraba, nikaugawa vyumba vinne, akahesabu mwenyewe, akagundua kuna vyumba viwili alikuwa anavitupa nje kila siku. Ilichukua kama dakika tatu.

Sasa fikiria kosa hilohilo kwa mfumo wetu wa kawaida. Mi ningekuwa ubaoni naeleza, yeye ananakili vizuri sana, anatikisa kichwa, afu anaenda nyumbani na maswali ishirini. Kule nyumbani yuko peke yake, analirudia kosa mara ishirini kwa mwandiko mzuri, yaani analifanyia mazoezi, na mi naliona siku tatu baadaye kwenye rundo la madaftari nikiwa nimechoka, naweka mkasi mwekundu napita. Hivi kati ya hizo kazi mbili, kusikiliza maelezo na kukwama kwenye swali, ipi inamhitaji mwalimu zaidi? Tumezoea kumpa mwalimu ile ambayo hata kitabu kinaweza kuifanya, na ile ngumu tunamwachia mtoto usiku, na mzazi ambaye pengine hesabu ilimshinda tangu zamani.

Namba ninayoipenda, na wanaonijua wameshachoka kuisikia, ni ya Scott Freeman na wenzake, 2014. Walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni, wakalinganisha madarasa ya lekcha tupu na yale ambayo wanafunzi wanafanya kitu ndani ya kipindi. Kwenye lekcha waliofeli walikuwa asilimia 33.8, kwenye yale mengine asilimia 21.8. Ukisema kwa asilimia inapita tu, ila chukua ukumbi wa watu 100: hao ni watu 12. Watu 12 ambao wangerudia somo, wangelipa ada mara ya pili, wengine wangeacha kabisa na kuanza kusema "mi hesabu si zangu" maisha yao yote. Na hakuna aliyebadilisha akili zao, kilichobadilika ni wanachofanya wakiwa wamekaa pale.

Haki itendeke lakini, hiyo namba si ya kugeuza darasa moja kwa moja, ni ya wanafunzi kushughulika darasani. Mwaka 2015 Jamie Jensen na wenzake walipima hilo hasa, darasa lililogeuzwa dhidi ya darasa ambalo halikugeuzwa ila nalo wanafunzi wanashughulika vilevile, na tofauti haikuonekana. Wapinzani wanaishika hii kama rungu. Mi naisoma kinyume, inasema hakuna muujiza kwenye video, na hakuna mwalimu makini aliyesema upo. Kugeuza ni njia ya kupata nafasi. Kama wewe unaweza kueleza ukamaliza na bado ukabaki na muda wa kukaa na yule mwenye rula, usigeuze, endelea hivyohivyo. Ila wengi wetu kengele inalia bado tunaeleza.

Na lile la "mwalimu hafundishi" nalo limepimwa. Louis Deslauriers na wenzake, Harvard tena, 2019, waliwagawa wanafunzi wa fizikia kwa bahati nasibu, kundi moja likapata lekcha nzuri iliyonyooka, lingine likahangaika na maswali, mada ileile. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, lakini walipoulizwa umejifunza kiasi gani walijipa kidogo kuliko wale waliokaa kusikiliza! Maana mtu akikuelezea vizuri unajisikia umeelewa, na ukihangaika unajisikia mjinga. Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia sifundishi simkasirikii, anasema kweli anavyojisikia. Siku hizi wiki ya kwanza nawaambia mapema, mtajisikia hamjui kitu, vumilieni.

Upande wa pili sasa, na usidhani ni mwepesi.

Pale pale West Point kwa Thayer, Elizabeth Setren na wenzake walifanya jaribio la kuchagua kwa bahati nasibu, darasa hili limegeuzwa, lile halijageuzwa, somo la hesabu na la uchumi. Kwenye hesabu faida ya muda mfupi ilionekana, kwenye uchumi hakuna. Mwisho faida ya wastani ikayeyuka. Hilo ningelimeza. Kinachonikwama kooni ni kwamba ile faida ilichukuliwa zaidi na wazungu, wanaume na waliokuwa vizuri tangu mwanzo, na faida ya wastani ilipoyeyuka pengo lenyewe likabaki. Na hao ni kadeti, wanalala bwenini pamoja, wanakula pamoja, wana kompyuta na ratiba ya jeshi! Kama hapo pengo linapanuka, je kwa mtoto anayeishi chumba kimoja na watu sita na simu moja ya mzazi? Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mawasiliano ulikadiria mwaka 2024 watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti. Ukisema "kaangalie video" umeshachagua nani kesho aje anajua na nani aje anainamisha kichwa, na umechagua hivyo bila hata kujua.

Halafu kuna hesabu ndogo ambayo wapenzi wa hili jambo hawapendi kuipiga. Mwalimu mmoja akigeuza, robo saa ya video si kitu. Wakigeuza saba, hiyo ni saa moja na dakika 45 kila usiku ya kuangalia tu, kabla hajashika kalamu. Na video zenyewe! Utafiti wa Philip Guo na wenzake, 2014, kwenye kozi za mtandaoni za edX, kwa rekodi milioni 6.9 za watu kuangalia video, ulikuta muda wa kawaida wa mtu kubaki hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu vipi. Mwalimu anayerekodi dakika 40 akasema amegeuza darasa hajageuza chochote, kahamisha lekcha ileile kwenye kioo kidogo, na hata mkono wa kuuliza mtoto hana pa kuunyoosha. Huyo wazazi wakimlalamikia wako sawa, nami nitawaunga mkono.

Lakini angalia haya malalamiko yote yamekaa wapi. Simu, bando, urefu wa video, usiku. Yote yako kwenye nusu ya nyumbani, nusu ambayo unaweza kuipunguza hadi kurasa mbili za kitabu, au kuifanyia hapohapo shuleni, kundi moja linaangalia kwenye kona na lingine linafanya maswali, afu wanabadilishana. Nusu ya darasani sijaona aliyeipiga ikaanguka.

Yule kijana wa rula, wiki kadhaa baadaye nilimuuliza ile video ya mabano ilimsaidia au la, maana nilikuwa nimeitengeneza usiku kucha. Akaangalia chini. Hakuwahi kuiangalia, simu alikuwa nayo mama kazini. Vile vyumba vinne aliviona kwangu mara ya kwanza. Siku hizi anafika kabla ya kengele, anakaa kwenye kompyuta ya nyuma ya darasa, dakika tano, sita, afu anarudi kwenye dawati lake na kutoa rula.